Farasi Mwenye Mabawa Ndani ya Mkebe wa Rumonge

Wandugu, wadada, na ninyi wa mashirika mnaotusomaga kimya kimya: leo tuongee sarafu.

Mtakuwa mmeiona ile picha. Inazunguka kwenye makundi ya simu toka Uvira mpaka Nyanza-Lac, na kila inapofika bei yake inaongezewa sifuri moja. Sarafu ya rangi ya majivu, imefutika karibu yote, lakini ukiitazama vizuri unaona farasi mwenye mabawa. Chini wameandika: sarafu ya Wagiriki wa kale, imeokotwa kando ya ziwa, ina miaka 2,500, kuna mzungu anaitafuta. Kisha inafuata sehemu ya pili: changeni kidogo kidogo, tuinunue pamoja, faida tutagawana.

Si jambo jipya. Wajomba zetu walipitishwa njia hiyo hiyo kwa "rupia ya Mjerumani". Waliambiwa eti rupia ya kweli ina zebaki, eti inavuta mchele. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, hadi leo wako watu wanaochimba kwenye maboma ya zamani wakitafuta hazina ya Wajerumani. Tofauti ni kwamba mjomba alikuwa anapoteza mbuzi, na kijana wa kambini anapoteza pesa ya chakula ya mwezi, ya nyumba nzima. Mimi siwezi kumkataza mtu kucheza na pesa yake. Ninachoweza ni kuonyesha jinsi sarafu iliyofutika inavyosomwa, kwa sababu inasomeka, na inachosema mara nyingi kinazidi ile hadithi ya mzungu anayeitafuta.

Kwanza kabisa, usiisafishe. Najua mkono unawasha. Mchanga, ndimu, jivu, vyote vinakula kile kidogo kilichobaki, na sarafu ikishang'aa kama sufuria imekwisha. Ioshe kwa maji tu, iache ikauke. Halafu ingia mahali penye giza, washa tochi ya simu, uiweke pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya sarafu kwa kulala, kama jua la saa kumi na mbili linavyopita juu ya ziwa. Vitu ulivyokuwa huvioni vitaanza kutupa kivuli. Ukikosa tochi, weka karatasi nyembamba juu yake na upakepake kwa penseli.

Kumbuka pia kinachofutika kwanza ni sehemu zilizoinuka: shavu la mfalme, shingo ya farasi, mgongo wa simba. Kinachobaki mwishoni ni mstari wa pembeni, yaani umbo. Kwa hiyo usitafute macho wala manyoya. Tafuta miguu ya nyuma na mkia. Farasi ana kwato na mkia wa kuning'inia. Mwenye mwili wa simba ana nyayo pana, na mkia wake unapinda juu.

Hapo ndipo Wagiriki wa kale wanapoingia, kwa sababu wao walipenda wanyama ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Mji wa Korintho uliweka farasi mwenye mabawa, Pegaso, na upande wa pili kichwa cha Athena amevaa kofia ya vita. Chini ya farasi kuna herufi moja ya kizamani, kama duara lenye kijiti chini, ambayo ni alama ya mji. Fedha yake ina uzito wa gramu 8 na nusu hivi. Abdera waliweka mnyama mwenye mwili wa simba na kichwa cha tai. Kisiwa cha Kios waliweka sfinksi, simba mwenye mabawa na uso wa mwanamke, amekaa mbele ya mtungi wa divai. Gela, kule Sisilia, walikuwa na ng'ombe dume mwenye uso wa mtu mwenye ndevu. Sikioni walikuwa na Kimera (si kile cha kutengenezea pombe, wandugu): simba ambaye kichwa cha mbuzi kinamwota mgongoni. Ikichakaa sana watu humwita simba tu, mpaka mmoja aone kile kinundu cha mgongoni na kuuliza ni nini.

Sasa jambo la kushika. Sarafu zile za kale zilipigwa kwa nyundo, moja baada ya nyingine. Ni nene, hazina duara kamili, picha mara nyingi imekimbilia upande mmoja. Ukingo wake hauna vile vimistari vya mashine. Na hakuna hata moja iliyoandikwa 10, au 5, au mwaka kwa tarakimu hizi tunazotumia sisi. Ukiona tarakimu, hata kivuli chake, umeshatoka katika zama za kale. Ile picha inayozunguka, ikuze uangalie chini ya miguu ya farasi. Kuna 1 na kuna 0.

Hapa kwetu, ukitaka sarafu ya zamani yenye herufi za Kigiriki iliyotengenezwa Afrika ya Mashariki, itakubidi upande hadi Aksum, Ethiopia. Wafalme wa huko, kuanzia Endubis mwishoni mwa karne ya 3, waliandika sarafu zao kwa Kigiriki kwa sababu ndiyo ilikuwa lugha ya biashara ya Bahari ya Shamu. Lakini mnyama wa ajabu hayumo. Kuna mfalme na mwezi mwandamo, na tangu mfalme Ezana alipokuwa Mkristo, msalaba.

Pwani yetu hii ya Tanganyika haikuhitaji sarafu kwa muda mrefu. Soko la Ujiji katika karne ya 19 lilikwenda kwa shanga zinazoitwa sofi, vipande vifupi kama kiko kilichovunjika, zilizotungwa kwenye uzi. Huko pwani ya bahari, wenye mali waliokuwa wanatuma misafara walihesabu kwa dola ya Maria Theresa, pande kubwa la fedha la gramu 28, na hapo kweli kuna mnyama wa hadithi: tai mwenye vichwa viwili. Wote wana mwaka mmoja tu, 1780, ambao malkia huyo alifariki, ingawa waliendelea kuitengeneza miaka mingi sana baadaye. Ukiipata imefutika, angalia juu ya tai. Shingo mbili zinaachana kama herufi V. Tai wa Wajerumani ana shingo moja, anatazama upande mmoja.

Na Wajerumani ndio walioleta wanyama kwa wingi. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilianza kupiga sarafu mwaka 1890. Pesa moja ya shaba nyekundu ilikuwa na tai upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu yenye mwaka wa Hijria, 1307, 1308 au 1309. Watu wengi wakiona yale maandishi wanasema ni sarafu ya sultani. Geuza, utamkuta tai. Rupia yao ya fedha, gramu 11 na zaidi, sawasawa na rupia ya India, ilikuwa na simba amesimama mbele ya mnazi, na upande wa pili Kaisari Wilhelm II. Kaisari amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia ametua tai mwenye mabawa wazi. Ikishachakaa, uso unakwisha, kofia inakwisha, anabaki yule ndege. Nimesikia sokoni mtu akiapa kwamba ni sarafu ya kuku.

Mwanzoni pesa 64 zilifanya rupia 1. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikabadilisha, rupia 1 ikawa heleri 100, na wanyama wakapungua: heleri ndogo ya shaba ina taji tu na duara la majani. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, walipiga pesa za dharura kule Tabora, kwenye karakana ya reli. Za thamani ndogo zilikuwa za shaba na shaba njano, zimekatwa vibayavibaya. Ya dhahabu, rupia 15, ilikuwa na tembo mbele ya mlima. Mwaka huo huo Wabelgiji waliingia Usumbura mwezi wa Juni na Tabora mwezi wa Septemba. Yule tembo wa dhahabu ndiye anayetafutwa kweli na wakusanyaji, na ndiye anayegushiwa zaidi. Ukiletewa mmoja kwenye mfuko wa plastiki, mrudishie mwenyewe na umsalimie.

Wabelgiji wao walikuja na nyota na matundu. Sarafu za shaba za Kongo ya Leopold II, kuanzia 1887, zina tundu katikati na nyota ya pembe tano inayolizunguka. Baadaye akaja tembo. Wa kumkumbuka ni wa faranga 2 ya mwaka 1943, kwa sababu sarafu yenyewe ina pembe sita. Hata ikifutika ikawa bapa kama kifuniko, bado utaijua kwa vidole gizani. Ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji yenyewe ilikuwa chini ya Hitler. Nafikiri hiyo ndiyo sarafu inayotuhusu zaidi sisi: pesa ya nchi ambayo serikali yake ilikuwa imekimbilia London, ikapigwa na wenyeji wengine, ikaja kununulia chumvi huku. Mwaka 1952 ikaja faranga 5 ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi yenye mti, na watu wa Rumonge hawaulizi ni mti gani, wao wanaona mchikichi wao. Mwisho, mwaka 1960, 1961 na 1964, faranga 1 ya Rwanda na Burundi kwa pamoja, ya rangi ya shaba njano, yenye simba. Kuanzia hapo kila nchi ilishika pesa yake, na Burundi ikatoa faranga 1 ya ufalme mwaka 1965.

Toka ng'ambo, Kigoma, zilivuka za Waingereza. Shilingi ina simba mbele ya milima. Senti 10 yenye tundu ina pembe za ndovu zilizopinda kulizunguka, na hizo zikifutika zinakuwa nyoka. Usicheke. Nimeona mtu ameivaa shingoni kwa sababu ya wale nyoka.

Haya, turudi kwa farasi wetu, maana bado hatujasema ametoka wapi. Watu wanasahau kwamba Wagiriki walifika kweli Rumonge, si wa kale, ni wa juzi. Katika miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki ndio walioanzisha uvuvi wa meli na nyavu kubwa za kuzungusha upande wa Burundi, kwa ajili ya ndagala na mukeke. Wafanyabiashara wa Kigiriki walikuwa na maduka kwenye miji yote miwili ya kichwa cha ziwa. Na Ugiriki, mwaka 1973, ilitoa drakma 10 yenye Pegaso, na upande wa pili ndege mwingine wa hadithi, fenisi, anayetoka motoni. Hiyo ndiyo jibu la kwanza.

Jibu la pili ni Italia. Kuanzia 1946 mpaka 1950 Waitaliano walipiga lira 10 yenye farasi mwenye mabawa, na upande wa pili tawi la mzeituni. Wamisionari Waitaliano wako Uvira tangu 1958, na upande wa Burundi hawakukosa.

Drakma na lira hizo zinakaribiana ukubwa, sentimita 3 hivi, zote zina farasi, zote zina 10. Zikifutika, macho hayatoshi. Lakini drakma ni ya shaba iliyochanganywa na nikeli, nzito mkononi. Lira ni ya alumini, nyepesi kama kizibo cha soda. Unaiweka kwenye kiganja na unakuwa umeshajua.

Mnaweza kuuliza tofauti hiyo ina faida gani, kama zote mbili hazinunui hata kilo ya mchele. Nitawaambia ilipata faida wapi.

Mzee anayetupangishia vyumba hapa Rumonge alichimba shimo la choo, akatoa mkebe wa maziwa ya unga umeoza nusu. Ndani: simba tisa wa Rwanda na Burundi, tembo wawili wa pembe sita, mchikichi mmoja, na farasi mwenye mabawa. Yeye alikuwa ameiona ile picha kwenye simu ya mjukuu wake. Usiku huo alikuwa tajiri. Asubuhi akatuita sisi wapangaji, kwa kuwa anajua tunasomasoma.

Kuna kanuni moja wachimbaji wa mambo ya kale wanaifuata, na ni ya akili ya kawaida: mkebe haukufichwa kabla ya sarafu yake changa zaidi kutengenezwa. Tukawapanga simba kwa tochi. Wengi 1961, mmoja 1964. Kwa hiyo kila kitu kilimtegemea farasi. Akiwa Mgiriki wa 1973, mkebe ulizikwa mwaka huo au baadaye. Akiwa Mwitaliano, ungeweza kuwa umezikwa mapema zaidi, wakati wowote kuanzia 1964. Na kwenye pwani hii, kati ya 1964 na 1973 kuna mwaka mmoja ambao kila mtu mzima anaurukia anapohesabu.

Kwa vijana ambao hawakuambiwa: tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianzia huku, Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa, kisha jeshi likalipiza na mauaji yakaenea nchi nzima kwa miezi. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, na wengi wakaishia makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao ya michikichi yalichukuliwa na wengine, na waliporudi, miaka thelathini na zaidi baadaye, Rumonge ikawa mji wa kesi za ardhi. Mzee wetu kiwanja alikinunua kihalali miaka ya 1990. Lakini majirani wanajua kwamba kabla ya aliyemuuzia palikuwa na familia nyingine, na wanajua ilivuka ziwa lini.

Mzee akamweka farasi kiganjani. Mwepesi. Akampa mkewe, naye akasema neno moja: "Kizibo." Tawi la mzeituni lilionekana upande wa pili tulipoweka tochi.

Sasa tuwe waangalifu, maana hapa ndipo vijana wa intaneti tunapopenda kukimbia. Sarafu hizo hazithibitishi 1972. Simba wa 1964 aliendelea kutumika, na mtu anaweza kuficha akiba yake kwa sababu ya mume mlevi tu. Kukosekana kwa sarafu za 1965 na za 1968 kunaelekeza mahali fulani, lakini mkebe wa sarafu kumi na tatu ni mdogo mno kusema kwa sauti. Tulimweleza hivyo. Alisikiliza, akauliza kitu ambacho hatukukitegemea: "Kama ni wao, mtoto wao ndiye aliyekuwa na hii ya farasi?" Kwa sababu nani mwingine angeweka akiba pesa ya Italia isiyonunua kitu, pamoja na pesa ya kweli? Inawezekana padri alimpa mtoto akachezee. Na mama, siku ya kuzika mkebe, akakitia na cha mtoto.

Alituomba tusipige picha, ndiyo maana leo hakuna picha. Naelewa hofu yake: kuutoa mkebe nje ni kama kumpa mtu karatasi ya kesi. Naelewa pia upande wa pili. Sisi tuliovuka kutoka Fizi Januari 2018 tuko na mama ambao waliacha vitu chini ya migomba, na wanakumbuka ni mgomba wa ngapi kutoka mlangoni. Mtu akichimba pale leo, atasema amepata hazina. Mzee amemtuma mkewe, si yeye mwenyewe, aende kwa mama mmoja aliyerudi kutoka Ulyankulu, waongee mambo ya wanawake kwanza. Wameshaongea mara mbili.

Jambo moja la mwisho ambalo halihitaji tochi. Rupia imekwisha na heleri zimeliwa na kutu, lakini Mrundi akisema pesa leo anasema amahera, na Mtanzania anasema hela. Zote mbili zimetoka kwenye ile heleri ndogo ya Mjerumani isiyokuwa na mnyama hata mmoja. Sisi wa Kongo tukabaki na faranga ya Mbelgiji. Kwenye bandari ya Rumonge, ndoo moja ya ndagala unaweza kuisikia ikiulizwa bei kwa majina yote matatu kabla haijashuka kwenye mtumbwi.

Mwenye sarafu nyumbani, atume picha za pande mbili na ya ukingo, mwanga wa kulala, na punje ya mahindi pembeni ili tuone ukubwa. Aseme pia kama ni nzito au nyepesi. Bei msiulize hapa.